Kinyonga, ngisi, samaki, chura au paka: ukitaka kuelewa rangi ya ngozi uanze na yupi?

Watu wanaosoma baiolojia, wanaoandaa somo, hata wanaotengeneza video, wote wanafika kwenye swali moja: nataka kuelezea jinsi seli zinavyoipa ngozi ya mnyama rangi, sasa nimchukue mnyama gani? Na jibu linalowatoka kabla hata hawajafikiria ni kinyonga. Mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Nikasimama mbele ya watu nikamwaga maelezo, kwamba kinyonga anabadilika ili afanane na sehemu aliyopo, kwamba ndani ya ngozi kuna seli za rangi zinatanuka na kusinyaa, nikamaliza najiona bingwa, alafu mtu mmoja akauliza kwa upole tu, sasa ile rangi ya kijani iko kwenye seli gani? Nikaanza kuitafuta seli ya kijani kwenye mchoro wangu mwenyewe. Haikuwepo. Kumbe kwenye ngozi ya kinyonga haipo kabisa, na sababu ya kutokuwepo ni karibu nusu ya mada yenyewe.

Kwa hiyo nawaweka wanyama watano bega kwa bega, kinyonga, ngisi, samaki, chura na mamalia (ntamtumia paka sana, utaona kwanini), ili uchague kwa sababu na sio kwa umaarufu. Msimamo wangu nausema mapema nisikuzungushe: kwa anayeanza samaki anawashinda wote, na kinyonga aje mwisho. Ila kuna kazi ambazo samaki hafai, hizo nazo ntazitaja.

Kwanza tuelewane kuhusu seli zenyewe

Rangi ya ngozi inapatikana kwa njia mbili na wengi tunaijua moja. Ya kwanza ni pigmenti, yaani kemikali inayomeza sehemu ya mwanga na kuiachia nyingine, mfano melanini inayomeza karibu mwanga wote ndo maana tunaiona nyeusi au kahawia. Ya pili haihitaji pigmenti hata chembe, ni vipande vidogo mno vya fuwele vimepangwa kwa nafasi maalum, mwanga ukigonga pale unarudi wa rangi fulani tu kutegemea na nafasi iliyopo kati ya fuwele na fuwele. Fikiria kiputo cha sabuni: maji hayana rangi, hiyo sabuni iliyoyeyuka nayo haina rangi ya maana, lakini kiputo kikielea hewani unaona zambarau, kijani, dhahabu, kila kitu. Hiyo ndo rangi ya mpangilio, na bluu nyingi unayoiona kwenye ngozi za wanyama ni ya namna hiyo.

Sasa samaki, vyura na mijusi wana timu nzima ya seli za rangi, kwa pamoja zinaitwa kromatofori. Kuna melanofori zenye melanini, kuna zanthofori za njano, eritrofori nyekundu, kuna iridofori ambazo hazina rangi yake yenyewe bali zimejaa fuwele za guanini (ndiyo, guanini ile ile iliyopo kwenye DNA), na baadhi ya samaki wana leukofori nyeupe. Njano na nyekundu zinatokana na karotenoidi au pteridini, na hapa kuna kitu kidogo cha kukumbuka: pteridini mnyama anazitengeneza mwenyewe, karotenoidi kwa kawaida hawezi, lazima azile, ndo maana samaki mwekundu akikosa chakula chenye hizo karotenoidi anafifia taratibu, na heroe naye uwaridi wake unatoka kwenye anachokula.

Kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo seli hizi zina asili moja. Zinaanzia mgongoni mwa kiinitete, pale pale uti wa mgongo unapojengeka, alafu zinasafiri kushuka ubavuni mpaka tumboni na miguuni. Zisipofika, au zikifika chache zisizaane vya kutosha, sehemu ile inabaki nyeupe, na ukiangalia paka au farasi wenye mabaka meupe utagundua weupe unapenda sana tumbo, kifua na miguu, yaani kule mwisho wa safari.

Ukimlinganisha mnyama yeyote na mwenzake muulize vitu vitatu tu: nini kinachosogea, nani anatoa amri, na inachukua muda gani. Ukiyajua hayo matatu umemjua.

Ngisi: kasi ya ajabu, ila sio seli, ni kiungo

Naposema ngisi namaanisha na dome na pweza humo humo, wavuvi wanisamehe.

Ngisi ndo mwenye shoo kuliko wote na ukiweka klipu yake hakuna atakayesinzia. Anabadilika ndani ya sehemu ya sekunde. Lakini hiyo kasi ina siri, kile kidoa unachokiona kwenye ngozi yake sio seli inayofanya kazi peke yake, ni kiungo kizima kidogo: katikati kuna kifuko kinachovutika kama mpira kimejaa pigmenti, kuzunguka kile kifuko kuna misuli midogo imeshikilia pande zote, na kila msuli una neva inayotoka moja kwa moja ubongoni. Misuli ikikaza inakivuta kifuko kutoka kila upande kikawa kisahani kipana, rangi inaonekana. Misuli ikilegea kifuko kinajirudi chenyewe kuwa nukta. Watu wengi wanaelewa kinyume, wanadhani misuli inabana doa, hapana, misuli inatanua doa, kurudi ni kazi ya ule mpira. Na ukikata neva ya upande mmoja wa mwili, upande ule unapauka pale pale, hauna wa kuuamrisha.

Pigmenti zake pia sio za familia yetu. Kwenye vile vidoa kuna omokromu, zinatoa njano, nyekundu na kahawia. Melanini anayo pia lakini kaiweka kwingine, kwenye wino wake, na hii ni ya kuchekesha kidogo kwasababu watu hudhani weusi wote wa ngisi ni kitu kimoja. Chini ya vidoa kuna tabaka la iridofori, ila hizi nazo hazitumii guanini kama za samaki, zinatumia protini inaitwa reflektini, na chini zaidi kuna seli nyeupe zinazorudisha mwanga wote. Kwa hiyo vidoa vya juu vikijifunga, zile kijani na bluu za chini zinachungulia.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Frankfurt walitoa kazi ambayo mimi naipenda sana, waliwarekodi dome kwa kamera na kufuatilia vidoa makumi ya maelfu kimoja kimoja, wakaona kidoa kipya kinazaliwa cha njano alafu kinazidi kuiva kuelekea weusi kadiri kinavyokua na umri. Na kwa kuwa vidoa vinavyoamrishwa na neva moja vinatanuka kwa pamoja, waliweza kusoma kwenye ngozi kile ubongo unachokifanya. Ngozi imekuwa kama skrini, neva ndo waya.

Na bado huyu mnyama haoni rangi! Ngisi wengi wana aina moja tu ya pigmenti ya kupokea mwanga jichoni, yaani kwa kipimo cha kawaida ni vipofu wa rangi, ila wanajificha kwenye mwamba wenye rangi kama kawaida. Hilo swali bado linawapa watu kazi.

Sasa umchague? Kama mada yako ni kujificha, ubongo, neva, au unataka tu watu waseme aisee, mchukue bila kufikiria. Kama mada yako ni jinsi seli inavyotengeneza rangi, muache, atakupeleka kwenye misuli na neva, na utakapokuja kusema "na kwa binadamu pia" utakuwa umedanganya maana ukoo wa ngisi ulivumbua mashine yake kivyake kabisa. Alafu kufuga ngisi ni shughuli, anataka maji ya bahari safi, na wengi wanaishi mwaka mmoja au miwili tu basi.

Kinyonga: jina kubwa, somo gumu

Kiswahili chenyewe kimeshamhukumu kinyonga, mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga. Masikini wa Mungu hana hata kosa. Kwanza habadiliki kufuata kila kitu alichokalia, ukimweka kwenye kitambaa cha mirabamiraba hatokuwa na mirabamiraba. Utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika ulilinganisha spishi nyingi, ukakuta zinazobadilika sana sio zile zinazoishi kwenye mazingira ya rangi nyingi, ni zile zenye kuonyeshana ishara kali wao kwa wao, dume kumtisha dume, au kumvutia jike. Na joto nalo lina nafasi yake, kinyonga aliyepoa asubuhi huwa mweusi mweusi ili anywe jua vizuri.

Pili, jinsi anavyobadilika. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa ni pigmenti kutawanyika na kukusanyika, na ndo niliyoyasema mimi siku ile. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, akiwemo Michel Milinkovitch, wakachapisha kitu kingine kuhusu kinyonga chui wa Madagaska, Furcifer pardalis. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka la iridofori zenye fuwele ndogo sana za guanini zilizopangwa kwa ustadi. Dume akiwa ametulia fuwele zinakaribiana na zinarudisha mwanga wa mawimbi mafupi, bluu bluu hivi. Juu yake kuna seli za njano. Zile za njano zinameza mwisho wa bluu wa ule mwanga na kinachofanikiwa kutoka nje ni kijani. Hiyo ndo kijani niliyokuwa naitafuta! Haipo kwenye seli yoyote, inatengenezwa njiani.

Akiona dume mwenzake, zile fuwele zinaachiana nafasi, mwanga unaorudi unakuwa wa mawimbi marefu zaidi, kijani inageuka njano, machungwa inazidi kuelekea nyekundu, yote ndani ya dakika chache. Walithibitisha hata nje ya mnyama, walichukua kipande cha ngozi wakakibadilishia ukali wa chumvi kwenye maji, seli zikivimba au kusinyaa nafasi kati ya fuwele zikabadilika, na rangi ikafuata. Halafu chini ya tabaka hilo kuna jingine la iridofori zenye fuwele kubwa zisizo na mpangilio, hili linarudisha zaidi ule mwanga wa infraredi ulio karibu na nyekundu, inawezekana linamsaidia na joto. Melanofori nazo zipo, kazi yake kubwa ni kumfanya awe mweusi au mweupe zaidi.

Unaona tatizo? Somo ni tamu ila huwezi kumwonyesha mtu. Zile fuwele ni ndogo kuliko uwezo wa hadubini ya kawaida, unahitaji ya elektroni. Unabaki na michoro na imani. Ujanja pekee nilioupata ni huu: fungua simu uweke skrini ya samawati, ile iliyochanganyika na kijani kidogo, alafu weka juu yake karatasi ya plastiki ya njano inayopitisha mwanga, utaona kijani. Bluu iliyokolea kabisa haitafanya kazi, itakuwa giza tu, kwasababu ndani yake hamna kijani cha kubaki.

Na tafadhali usiende kukamata kinyonga kwa ajili ya projekti. Kumshikashika kunamkera, na rangi atakayokuonyesha itakuwa ya mnyama aliyekereka.

Samaki: huyu sasa

Hapa ntakaa kidogo.

Kinachomfanya samaki awe bora ni kwamba seli zake za rangi ziko kwenye magamba na unaweza kuziona kwa hadubini ya kawaida ya shule. Gamba moja lenye rangi, maji ya chumvi ya kiwango kinachofaa, basi. Utaona melanofori zimetandaza matawi kama buibui au kama mizizi. Ukiweka mmumunyo wa potasiamu kloraidi, ncha za neva zilizobaki kwenye gamba zinaamka na kutoa noradrenalini (kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe), na ndani ya dakika chache yale matawi meusi yanapotea, kila seli inabaki nukta nyeusi katikati. Osha, rudishia mmumunyo wa sodiamu kloraidi, weusi unatawanyika tena. Ukidondoshea adrenalini unapata matokeo ya kukusanyika pia. Fanya na mtu wa maabara anayejua kushughulika na samaki, sio kubahatisha.

Na hapa ndo kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza, anasema seli imesinyaa. Haijasinyaa! Seli iko vile vile na matawi yake yote, imebaki tupu pembeni, kilichohama ni punje za melanini zilizomo ndani yake. Zinasafiri juu ya nyuzi zilizotoka katikati ya seli kwenda pembeni kama spoku za baiskeli, na zinabebwa na protini za kubeba mizigo, dainini inazivuta kurudi katikati, kinesini inazipeleka nje. Linganisha na ngisi: kwa ngisi kifuko chenyewe kinavutwa kikatanuka, kwa samaki mfuko haugusiki, bidhaa ndo zinahama ghalani. Mtu akishika tofauti hii tu, mengine yote yanamfungukia.

Samaki ana mabosi wawili, na hilo linamfanya kuwa daraja zuri kati ya ngisi na chura. Neva zinamfanya apauke haraka, sekunde mpaka dakika, na homoni zinafanya mabadiliko ya taratibu. Akikaa siku nyingi kwenye sakafu nyeusi au nyeupe, mwili wake unaongeza au kupunguza idadi ya seli zenyewe na kiasi cha pigmenti, sio kuhamisha punje tu.

Alafu kuna samaki-zebra, Danio rerio, kadogo ka sentimita tatu nne hivi, asili yake Asia ya Kusini, ambaye maabara nyingi za dunia zinamfuga. Kiinitete chake kinapitisha mwanga kama kioo. Siku ya pili baada ya yai kurutubishwa unaanza kuona pigmenti nyeusi zinajitokeza kwenye mnyama hai, unaziangalia zinasambaa bila kumkata mtu. Kuna aina moja ya kimaabara ilitolewa 2008 inaitwa casper, haina melanofori na karibu haina iridofori, hata akiwa mkubwa unamwona viungo vya ndani.

Mistari yake nayo ni hadithi ndefu. Alan Turing, huyu huyu wa kompyuta, mwaka 1952 aliandika kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti na kuathiriana zinaweza kujipanga zenyewe kuwa madoa au mistari. Wengi waliiona kama hesabu nzuri isiyo na mnyama. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai wakaonyesha samaki-malaika wa baharini, Pomacanthus, mistari yake inaongezeka kadiri anavyokua ili nafasi kati ya mstari na mstari ibaki ile ile, pale mstari unapogawanyika panasogea kama zipu inayofunguka. Kwa samaki-zebra baadaye ilionekana kwamba sio kemikali zinazosambaa peke yake, seli zenyewe zinagusana. Ukiziweka kwenye sahani ya maabara, seli ya njano inanyoosha mkono inaigusa nyeusi, nyeusi inakimbia, njano inaifuata. Mistari unayoiona ni matokeo ya hizo fukuzana.

Na kama unahitaji daraja la kwenda kwa binadamu, hili hapa. Kuna samaki-zebra anaitwa golden, mistari yake imepauka kwasababu punje zake za melanini ni chache, ndogo, na hazijakolea. Mwaka 2005 watafiti waligundua jini (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kurithi) lililoharibika, slc24a5, alafu wakachukua ujumbe wa jini hilo hilo la binadamu wakauingiza kwenye kiinitete cha golden, kikapata weusi. Kisha wakaangalia watu: karibu watu wote wenye asili ya Ulaya wana toleo linalotofautiana kwa amino asidi (tofali la kujengea protini) moja tu, na linachangia sehemu ya wepesi wa rangi yao. Samaki wa sentimita tatu ndo katuelezea hilo.

Anaposhindwa samaki ni kwenye msisimko, kwenye video fupi hawezi kushindana na ngisi. Na kama swali lako ni jinsi rangi inavyoingia kwenye nywele au manyoya, hana msaada wowote.

Chura: wa homoni

Chura ni samaki aliyepunguziwa kasi, kwasababu kwake anayeamuru zaidi ni homoni zinazopita kwenye damu, kwa hiyo hesabu dakika nyingi mpaka masaa. Mwaka 1916 watafiti wawili, Allen na Smith, kila mmoja kivyake, waliondoa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, kwa viluwiluwi na viluwiluwi wakageuka rangi ya fedha. Tezi ile ndo ilikuwa inatoa homoni ya kutawanya melanini.

Stori yake bora ni ya melatonini. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, alikuwa anatafuta kitu kinachopausha ngozi, akachakata tezi za pineali (zilizo ndani ya ubongo) za ng'ombe, nyingi mno, na mwaka 1958 akatangaza kemikali inayofanya ngozi ya chura ipauke. Ndo akaiita melatonini, hiyo "mela" ni ya melanini. Leo kila mtu anaijua kama homoni ya usingizi na hakuna anayekumbuka kuwa ngozi ya chura ndo iliyoipa jina.

Na kijani cha chura ni hesabu ile ile ya kinyonga, njano juu, iridofori katikati, melanofori chini inanyoosha vidole kupanda juu kuziba ikitaka mnyama awe mweusi. Mara moja moja anazaliwa chura mwenye hitilafu ya zile seli za njano, anatoka wa bluu kabisa. Picha ya chura huyo inaeleza kijani kuliko mchoro wowote, kwa hiyo hata usipomchagua chura kuwa mada, iibe hiyo picha.

Mamalia: kiwanda na wateja wake

Sisi na paka na ng'ombe kwenye ngozi tumebaki na aina moja tu ya seli ya rangi, melanosaiti, ndege nao ni hivyo hivyo. Hatuna iridofori za ngozi, hatuna za njano. Hata ile bluu ya uso wa nyani anayeitwa mandrili sio seli ya bluu, ni jinsi nyuzi za protini ya kolajeni zilivyopangwa.

Tofauti kubwa ni hii: melanofori ya samaki inatengeneza punje na kukaa nazo, melanosaiti inazitengeneza na kuzigawa. Inakaa kwenye tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, inanyoosha matawi, inakabidhi punje kwa seli za jirani, kwa binadamu inakadiriwa moja inahudumia kama seli 36. Kwenye nywele inazikabidhi wakati unywele unajengwa, na unywele ukishatoka haubadiliki tena rangi kwa amri ya mwili. Ndo maana paka hawezi kuwa kinyonga, hana cha kusogeza.

Na idadi ya melanosaiti kwa mtu mweusi na mweupe ni karibu sawa, nalirudia kwasababu watu hawaliamini, kinachotofautiana ni ukubwa wa punje, wingi wake na zinavyokaa.

Kwa kuelezea utengenezaji wenyewe, mamalia ndo mahali pake. Malighafi ni amino asidi inaitwa tairosini, mfanyakazi mkuu ni kimeng'enya tairosinesi, na bidhaa ni mbili, eumelanini ya nyeusi-kahawia na feomelanini ya nyekundu-njano. Kimeng'enya kisipofanya kazi kabisa unapata ualbino, na seli zipo zote ila ghala tupu. Kikifanya kazi kwenye ubaridi tu unapata paka wa Siam: tairosinesi yake inachoka kwenye joto la mwili, kwa hiyo kiwiliwili kinabaki cha malai na zile sehemu zilizopoa, masikio, mkia, miguu na pua, zinakuwa nyeusi. Mtoto wake anazaliwa mweupe maana tumboni kote ni joto. Huo ni ushahidi mtu anauona kwa macho bila hadubini, ndo maana nilisema ntamtumia paka.

Paka wa rangi tatu naye, nyeusi, machungwa na nyeupe, karibu wote ni majike, kwasababu jini la machungwa liko kwenye kromosomu X na kila seli ya jike inazima X moja kati ya mbili, wakati dume kwa kawaida ana moja tu. Mary Lyon alilieleza hilo la kuzima X mwaka 1961, kwa panya.

Sasa unachagua nani

Kama una hadubini na siku moja tu, samaki, bila mjadala. Kama huna kifaa chochote na hadhira haijawahi kusikia neno pigmenti, paka wa Siam alafu chura wa bluu, hao wawili wanakutosha kwa nusu saa. Mada ikiwa homoni, chura. Mada ikiwa ubongo na kasi, ngisi. Ukiwa na watu ambao tayari wanajua fizikia ya mwanga kidogo, hapo ndo mlete kinyonga, na wewe uwe umeshazoea maneno ya iridofori na nafasi kati ya fuwele, usije ukafanya kama mimi. Ukitaka kulinganisha wawili tu kwa wakati mmoja basi weka ngisi na samaki, kwasababu kwa macho wanafanya kitu kile kile, doa linakua na kupungua, wakati ndani hakuna kinachofanana hata kimoja, na hadhira inashtuka yenyewe bila wewe kupandisha sauti.

Ila jiandae na swali moja, ukishasema kwa kujiamini kwamba bluu ni ya fuwele na sio ya pigmenti, kuna mtu atauliza hivi hakuna mnyama hata mmoja mwenye seli ya bluu kweli? Wapo, samaki mandarini, Synchiropus splendidus na ndugu yake Synchiropus picturatus. Mwaka 1995 Makoto Goda na Ryozo Fujii walieleza seli zao zenye punje za pigmenti ya bluu ya ukweli, wakaziita sayanofori, na punje zake zinahama ndani ya seli vile vile kama za melanofori.